Akidi

Katiba yetu, kurasa nne
zilizochapwa kwa mashine inayoruka herufi k
(juu kabisa imeandikwa "atiba"),
inasema: wanachama saba, au hakuna kikao.
Jumamosi hii tuko sita.

Ghorofa ya tatu, Gerezani, ngazi hazina taa.
Chini wanakata vyuma, wananyoosha mabati,
wanapima shaba kwa kilo;
huko ndiko tulikonunua antena yetu,
utumbo wa mota ya pampu iliyokufa,
tukaifunga toka simtanki letu hadi simtanki la jirani.
Kunguru wameifanya benchi la kungojea.

Mwenyekiti Mwaisumo anapenda utaratibu kuliko chai.
Anatuhesabu tena, kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
Hirji analehemu, hanyanyui macho.
Chausiku na Nyamizi, Kidato cha Tano,
wanagawana spika za masikioni,
sikio moja la huyu, sikio moja la yule.
Fundi Limbanga amelala, au anasikiliza;
kwake ni kazi moja.
Mimi katibu. Nimeandika tarehe tu.

Wa saba ni Bi Mwanaheri, wa Kigamboni.
Tangu mguu wake wa kushoto ugome, mwezi wa Ramadhani,
vidato thelathini na tisa vimekuwa nchi nyingine.
Saa nne kamili anaingia, lakini kwa hewa:
kwanza mkoromo, kama mchele unaopetwa,
halafu jina lake la hewani, herufi moja moja,
halafu, "Nasikia mnatafuna. Ova."
Kashata, kweli. Chausiku anaziba mdomo.

"Akidi imetimia," anasema Hirji.
"Haijatimia," anasema Mwenyekiti. "Katiba inataka mtu awepo.
Kuwepo ni kukaa kitini."
Na kiti chake kipo, kile chenye mto wa kitenge;
hata wageni wakija hatukikalii.

Basi tukabishana, watu sita
ambao starehe yetu yote ni kuamini sauti.
Alfajiri moja tulimpata mtu wa Kamchatka,
dakika mbili, jina lake na theluji yake,
kisha bahari ya mkwaruzo ikamfunika.
Mwenyekiti aliruka kama aliyeletewa mjukuu,
akaandika daftarini kwa herufi kubwa: TUMEKUTANA.
Nyamizi ndiye aliyelikumbusha hilo,
kwa adabu, akiitazama sakafu:
"Yule hatukumuuliza kiti."

Hapo umeme ukakatika.
Feni ikamalizia mizunguko yake kwa aibu.
Misumeno ya chini ikanyamaza, mmoja baada ya mwingine,
tukamsikia muuza kahawa akigonganisha vikombe
mitaa miwili mbele.
Mezani, kwenye betri la gari la marehemu shemeji yake Hirji,
taa ndogo ya kijani haikupepesa.

"Kwenu kumekatika? Huku pia. Mimi nipo.
Nimehamia kwenye betri. Leteni hoja. Ova."

Mwenyekiti alikishika kipaza sauti kwa muda,
kama anayepima uzito wake.
"Bi Mwanaheri. Unaridhia kikao kifunguliwe? Ova."
"Naridhia. Ila muhtasari uliopita una kosa,
ukurasa wa pili. Nilisema tununue waya wa ardhi.
Katibu kaandika waya wa ahadi. Ova."

Nilikata neno, nikaandika juu yake.
Limbanga akacheka, macho bado yamefumbwa.
Mwenyekiti akainuka, akabeba spika kwa mikono miwili,
waya wake ukiburuza sakafuni,
akaiweka juu ya mto wa kitenge,
akarudi kwake bila kumtazama mtu.

Waliohudhuria: saba.
Wasiohudhuria: umeme, bila taarifa.
Yatokanayo: waya wa ardhi, mita sita, Hirji atafute bei.
Mengineyo: antena ipandishwe kidogo upande wa jirani.
Kunguru wasihesabiwe.